Stering Hafi

"Hodi, Fundi. Nimekuletea mgonjwa."

Bwana Taa aliingia na pazia begani kama mtu aliyebeba majeruhi. Lilikuwa lile pazia jeupe la ukumbi wa sinema, la kuonyeshea filamu, limekunjwa na kukunjuliwa miaka nenda miaka rudi, na sasa lilikuwa limechanika katikati kwa urefu wa mkono wa mtu mzima. Alilitua polepole juu ya meza ya kukatia nguo, akasimama pembeni akifuta jasho.

Mwanamke aliyekuwa kwenye cherehani hakuinua uso upesi. Alimaliza kwanza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, ndipo akatazama. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa mjane wa Mwokaji, yule aliyewalisha mkate mpaka Mungu alipompenda zaidi, na mambo yake yote yalikuwa ya taratibu. Alisali alfajiri, akafagia, akafungua chumba cha kushonea, na kabla hajakanyaga cherehani alimshukuru Mungu kwa macho, kwa vidole na kwa uzi. Yalikuwa matatu tu. Lakini tangu bwana huyu aanze kumletea suruali za kupunguzwa ambazo hazikuwa na haja ya kupunguzwa, alijikuta akishukuru na kwa jambo la nne. Hilo hakulitaja jina. Mungu hahitaji kutajiwa.

"Mgonjwa wako ameumia kweli," alisema. "Nani kamchana?"

Bwana Taa akaeleza kwamba ni wale wapakiaji wa magodoro. Ukumbi ule, ambao zamani watu walipigana vikumbo kuingia, siku hizi ulikuwa ghala. Yeye aliyeanza kuendesha mashine ya sinema tangu ndevu hazijaota, aliyezima taa na kuziwasha mpaka watu wakamwita hivyo, alikuwa ameachiwa ukumbi na mwenye ghala Jumamosi alasiri tu. Basi kila Jumamosi walikuja watu wa makamo, wakaketi katikati ya magodoro, wakatazama zile filamu za zamani za Hollywood, nyingi hazina hata rangi.

Majina ya wale wachezaji yalikuwa yanavunja meno, kwa hiyo mtaa uliwapa majina yake. Kulikuwa na Masharubu, adui wa kila filamu. Kulikuwa na Nyusi, yule dada ambaye akiinua unyusi mmoja tu ukumbi mzima unanyamaza. Wanawake walimletea Fundi kitambaa wakisema, nishonee kola ya Nyusi, naye aliishona bila kipimo, maana aliisomea gizani kwa macho yake. Na juu ya wote kulikuwa na Kofia Upande, mwanamume mrefu wa maneno machache ambaye kofia yake haikuanguka hata akipigana juu ya paa. Yeye ndiye alikuwa stering, shujaa wa filamu. Na kanuni ya stering kila mtoto aliijua kabla ya kuijua hesabu: stering hafi.

"Tulikunjue," alisema Fundi.

Wakalikunjua. Yeye alishika ncha hii, Bwana Taa ile, na chumba chote kikajaa weupe. Fundi alipita na vidole kwenye mchano, akasema atautia mshono wa kujificha, lakini uso wa mtu ukija karibu sana mshono utaonekana kidogo tu, kama kovu. Bwana Taa akajibu kwamba kovu halimdhuru mwanamume. Kisha wakaanza kulikunja tena, na pazia halikunjwi ila kwa watu wawili kuendeana. Wakaendeana. Ncha zilipokutana, vidole navyo vikakutana, na hakuna aliyefanya haraka kuviondoa.

"Fundi, nikuulize kitu kinachonisumbua," alisema Bwana Taa kwa sauti ya chini. "Kila Jumamosi nikibadilisha mkanda wa mwisho, natazama kwenye kidirisha changu na kukuona unachukua mkoba unaondoka. Siku ya kwanza nilidhani umeacha kitu motoni. Sasa naona ni desturi. Mbona huoni mwisho?"

Fundi akavuta ncha ya pazia, akaliweka mezani, akaliweka tena vizuri zaidi. Kisha akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu.

Mume wake alikuwa akiumua unga jioni na kuoka usiku. Filamu ilianza alasiri, na mkanda wa mwisho ukifika, unga nao umefika. Basi waliinuka wawili, wakawakanyaga watu miguu wakiomba radhi, wakatoka. Katika ndoa yao yote hawakuona mwisho wa filamu hata moja. Lakini njiani kwenda nyumbani Mwokaji alimsimulia ilivyoisha. Hakusema "nadhani", alisema "iliisha hivi", na alisimulia mpaka mlangoni, kisha akamsimulia na mtoto huku akifunga aproni. Masharubu alikamatwa. Kofia Upande alipona. Akamwoa Nyusi, wakaketi mezani wakala mkate wa moto. Kila mwisho wa Mwokaji ulikuwa na mkate ndani yake.

"Siku hizi sina unga unaoningoja," Fundi alimalizia, "lakini miguu inainuka yenyewe. Na nikikaa nikauona ule mwisho wa kweli, ule wa kwake utakuwa wapi?"

Bwana Taa alitazama cherehani, akatazama mlango. Fundi, mtu wa kuangalia, aliona kwamba kuna neno limemfika mdomoni likarudi.

"Mimi sina maneno ya Kofia Upande," alisema hatimaye. "Mimi mgane, wewe mjane. Nyumbani kwangu hakuna anayeniuliza nimekula nini. Nataka tuzeeke pamoja, Fundi, kama utanikubali."

"Watu wazima hawachumbiani juu ya pazia, Bwana Taa."

"Ndilo pazia pekee nililo nalo."

Fundi akacheka, akaziba mdomo kwa kitambaa. Bwana Taa hakucheka. Alisema Jumamosi hii ataonyesha ile ya dereva wa treni. Akamwomba akae mpaka taa ziwake. Fundi akikaa, yeye atakwenda kwao na kusema na mwanawe kama inavyopaswa. Akiinuka kama kawaida yake, ataelewa, wala hatamlaumu, na suruali zake atazipeleka kwa fundi mwingine.

"Na kwa nini mpaka nione mwisho?"

"Kuna jambo la marehemu ninalolijua. Nikilisema kabla hujaona, nitakuwa nimemsema vibaya mtu asiyeweza kujitetea. Ukishaona, utalipima mwenyewe." Akafika mlangoni, akageuka. "Naogopa, Fundi. Mwisho wa filamu hii unaweza kunikosesha wewe. Lakini sitaki kukupata kwa giza."

Fundi hakuwa mtu wa kuficha. Siku ileile mchana, wote wakiwa mezani, akawaambia mwanawe na mkwewe, bila kuzunguka.

Mwanawe, ambaye nyumbani walimwita Mkubwa kwa kuwa ndiye kifungua mimba, alikuwa amerithi tanuri la baba yake, na aproni, na hata kile kikohozi cha unga. Aliacha kula. Mkewe ndiye aliyesema kwanza.

"Nilijua mimi. Zile suruali zimepunguzwa mpaka yule mzee angebaki na kaptula." Akamtazama mama mkwe wake kwa jicho la furaha, kisha akamwona mumewe, akainamia sahani.

"Na baba?" aliuliza Mkubwa.

"Baba yako yuko kwa Mungu, mwanangu."

"Nauliza baba wa humu ndani." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilimwuma mama yake zaidi. "Mtu angekuja na jambo jingine, ningenyamaza. Lakini sinema, mama? Sinema ilikuwa yako na ya baba. Mimi nilikaa dirishani nikiwangoja. Kisa cha dereva wa treni amenisimulia mpaka nikakikariri. Daraja linavunjika, Kofia Upande anavutwa kutoka majini, amefungwa bendeji begani, anakula mkate kwa mkono mmoja. Mjini humu kuna wanawake wangapi wa kuoa, mpaka huyu bwana achukue na kisa hicho?"

Mkewe akasema taratibu kwamba kisa hakichukuliwi kama kiti. Mkubwa akasema yeye hagombani na mtu. Jumamosi atapita na gari la mikate akielekea tanurini, wakati uleule baba alipokuwa akimtoa mama ukumbini. Atapiga honi. Mama akitoka, mambo yamekwisha, wala hayatatajwa tena. Asipotoka, basi atakuwa amejua.

"Amejua nini?" aliuliza Fundi.

Mkubwa akainuka, akaenda kulala kidogo kabla ya kazi, kama baba yake.

Siku zile zilizobaki Fundi alilishona pazia. Alilishona kwa mkono, si kwa cherehani, akipitisha sindano kidogo kidogo. Hakumwomba Mungu amchagulie. Alimwomba tu asimdhulumu aliye hai wala aliye kaburini. Na akashukuru, maana wako wanawake wasioulizwa swali hata moja maisha yao yote, yeye ameulizwa na wawili, na wote wawili wanampenda.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Magodoro yalikuwa yamepangwa kutani mpaka juu, na waliokosa viti walikalia yaliyobaki, yakipiga kelele za nailoni kila mtu akijigeuza. Fundi alikaa kwenye kiti chake cha pembeni, karibu na njia, mkoba mapajani. Taa zikazimwa. Mashine ikaanza kukereza kule juu nyuma yake, na ule mwanga uliojaa vumbi ukapita juu ya vichwa vyao kama mkono wa mtu anayebariki.

Kofia Upande alikuwa dereva wa treni. Nyusi alikuwa mwalimu wa piano, mpole, na nyumba yake ilikuwa kando ya reli. Kila treni ikipita, dereva alivuta king'ora kidogo, na mwalimu akakosea noti. Kutazamana kwao kulikuwa hivyo tu, yeye dirishani, yule juu ya treni inayokimbia, lakini wanawake ukumbini walikuwa wameshaanza kutafuta leso. "Simama basi, mwanamume wewe," mmoja alimwambia dereva kwa hasira, "hiyo treni haina breki?" Watu wakacheka. Masharubu alipotokea, mwenye kampuni ya reli, aliyejua daraja limeoza na akanyamaza, walimzomea kama zamani.

Na kila uso wa Kofia Upande ulipokuja karibu, mshono wa Fundi ulipita kwenye shavu lake, mwembamba, kama kovu la mtu aliyepigania jambo. Ulimpendeza. Fundi alitabasamu gizani.

Mvua ikanyesha kwenye pazia. Mto ukapanda. Kofia Upande akaambiwa daraja halitabeba, na ng'ambo kuna watu juu ya mapaa wanaongoja. Akaiweka kofia yake upande zaidi. Na hapo mwanga ukatetemeka, ile alama ndogo nyeusi ikaruka kwenye kona ya pazia: mkanda unabadilishwa.

Nje, honi ikalia.

Miguu ya Fundi ikainuka. Hakuiamuru, iliinuka tu, na mkono ukashika mkoba, na mdomo ukaanza kuomba radhi kwa watu ambao hakuwa amewakanyaga. Akasimama njiani. Aligeuka akatazama kidirisha cha chumba cha mashine. Bwana Taa alikuwa pale, uso nusu mwanga nusu giza. Hakumpungia mkono wala hakutikisa kichwa. Alimtazama tu kama mtu anavyotazama gari la mgeni wake likiondoka, kisha akainamia mashine, kwa kuwa kazi haimsubiri mtu.

Honi ikalia tena. Fundi akatoka.

Gari la mikate lilikuwa limesimama mbele ya mlango, linanguruma. Mkubwa alipomwona mama yake alishusha pumzi, akainama kumfungulia mlango wa upande wa pili. Fundi hakuzunguka upande ule. Alikuja dirishani kwa mwanawe.

"Zima gari."

"Mama, unga—"

"Unga utaumuka bila wewe. Zima, uje ukae na mimi. Nimetoka kabla ya mwisho maisha yangu yote, na wewe umengoja dirishani maisha yako yote. Leo tuingie wote wawili."

Pengine Mkubwa angekataa kama mama yake angelia. Hakulia. Alisimama pale mkono kwenye mlango wa gari, kama anavyosimama akimngoja mteja aliyesahau vipimo. Mkubwa akazima gari.

Waliketi bega kwa bega, mwana akinukia unga. Treni ilikuwa imeshafika katikati ya daraja. Watu waliookolewa ng'ambo walijaa mabehewani, watoto wameshikwa vifuani, na kule nyuma nguzo zikaanza kulia. Kofia Upande aliyasukuma mabehewa mpaka nchi kavu. Lakini ile injini aliyokuwamo yeye ilikuwa ya mwisho. Akageuza uso upande wa ile nyumba ya kando ya reli, akavuta king'ora kidogo tu, kama kila siku. Mshono wa Fundi ulikuwa shavuni mwake. Kisha daraja likaenda, na juu ya maji ikaelea kofia.

Mkubwa alingoja. Fundi alimwona anavyongoja, amekaza taya, anangoja mkono utoke majini, anangoja na bendeji. Haukutoka.

"Amekufa," alisema Mkubwa, si kwa mama yake wala kwa mtu yeyote. "Stering amekufa."

Kwenye pazia palikuwa na asubuhi. Nyusi alikuwa kwenye piano, na kando yake mwanafunzi mdogo. Treni nyingine ikapita, dereva mwingine, hakuvuta king'ora. Nyusi akaacha kucheza. Akainua ule unyusi mmoja, akasikiliza mpaka sauti ikaisha. Kisha akamgeukia yule mtoto, akamwekea vidole vyake mahali panapostahili, akahesabu kwa midomo: moja, mbili. Wakaanza tena. Ndio ulikuwa mwisho.

Taa zikawaka.

Watu walikuwa wanapangusa macho na kutafuta viatu. Bwana Taa aliteremka ngazi za chuma, mikono ina grisi, akasimama mbele ya mama na mwana kama mtu aliyefika kusomewa hukumu.

"Baba alinidanganya," Mkubwa alimwambia. "Na wewe ulijua."

"Nilijua," alisema Bwana Taa. Akakaa kwenye ukingo wa godoro, nailoni ikalia chini yake. Akawaeleza kwamba kila Ijumaa, kabla ya kuonyesha, yeye alikuwa akiipitisha filamu peke yake kuikagua. Na kila Ijumaa Mwokaji alipanda zile ngazi na mkate wa moto umefungwa kwa gazeti, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akauliza: hii inaishaje? Akaambiwa. Filamu ikiisha vizuri alishukuru akaondoka. Ikiisha vibaya alikaa pale akifikiri, akitafuna.

"Hii ya treni nilipomwambia, alikataa kabisa. 'Huyo hafi,' alisema. Nikamwambia, bwana, nimemwona kwa macho yangu anazama. Akasema, 'Kwako wewe. Mke wangu kila siku anaamka na cherehani, mtoto anaamka na shule. Siwapeleki kulala na maiti.' Akaniuliza kama inawezekana mtu avutwe kutoka majini akiwa ameumia bega tu. Nikasema inawezekana. Akafurahi kama aliyepewa zawadi."

Fundi akaanza kucheka, na ndani ya kicheko machozi yakaja, akayaacha yaje.

"Ndiyo maana wale watu wa sinema walikula mkate kila mara," alisema. "Nami nilikuwa najiuliza, matajiri wale, wana nini na mkate."

Miaka yote alidhani mume wake alikuwa akibahatisha njiani, na alimpenda kwa hilo. Kumbe alijua. Alibeba vifo vyote vile peke yake mpaka tanurini, akawaachia wao harusi. Fundi alisikia moyo wake umejaa shukrani mpaka ukamwelemea, na ajabu ni kwamba haukubagua. Ulimshukuru aliyeficha, na ulimshukuru aliyefichua.

"Ungeweza kuninyamazia," alimwambia Bwana Taa.

"Ningekunyamazia, ningekuoa huku nimekushikia mali ya mumeo. Hiyo ni yako."

Mkubwa alikuwa ameinama, anajifuta uso kwa kiganja, na unga wa kwenye kiganja ukambakia mashavuni. Alipoinuka aliutoa ule mkono mweupe, akaupokea mkono wa Bwana Taa wenye grisi kwa mikono yake miwili, kama anavyopokewa mtu mzima. Hakusema lolote ila kwamba amechelewa, unga utakuwa umemwagika mpaka sakafuni.

"Fundi," aliita Bwana Taa walipofika mlangoni. Sauti yake haikuwa na uhakika. "Taa zimewaka."

"Nimeziona, Bwana Taa," alijibu Fundi. "Nilikuwepo."

Mama na mwana walirudi nyumbani na gari la mikate. Mkwe alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, maana gari lilipaswa kuwa tanurini kitambo. Alimtazama mumewe mwenye unga usoni, akamtazama mama mkwe wake mwenye macho mekundu, na kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye akili akauliza swali lililokuwa likiulizwa kwenye mlango ule tangu zamani.

"Mama, iliishaje?"

Fundi alifungua mdomo, lakini Mkubwa alimtangulia.

"Stering hakufa," alisema, akigeuza gari. "Ameumia bega tu. Na Jumapili anakuja kula."